Nyumba ya Karen: Tungeibomoa?

Kuna watu wakisikia jina la Karen Blixen wanakunja uso. Siwalaumu. Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa vikali, tena huko huko Denmark kwao, kwa jinsi alivyowachora Waafrika katika Out of Africa, kitabu cha mwaka 1937. Sasa kama ni hivyo, mbona nyumba yake ya shambani, nje kidogo ya Nairobi, bado inatunzwa kama mboni ya jicho?

Tuanze na nyumba yenyewe. Ilijengwa mwaka 1912 na Msweden aitwaye Åke Sjögren. Mwaka 1917 akina Blixen wakaichukua. Shamba lilikuwa la maelfu ya ekari, ila mahali pale palikuwa juu mno kwa kahawa. Mvua zikakosa, kiwanda cha kahawa kikaungua, bei nayo ikaporomoka. Mwaka 1931 shamba likauzwa na kukatwakatwa viwanja, Karen akarudi Denmark.

Lakini hebu tusisahau: ardhi ile haikuwa tupu. Familia za Wakikuyu ziliishi pale kama maskwota, zikimfanyia tajiri kazi siku kadhaa kwa mwaka ili ziruhusiwe kukaa. Karen mwenyewe anakiri kitabuni kwamba wengi wao walizaliwa pale pale. Shamba lilipouzwa, ilibidi wahame.

Mwaka 1964 serikali ya Denmark ikainunua nyumba na kuipa Kenya kama zawadi ya uhuru. Eneo likawa chuo cha lishe. Kisha mwaka 1985 ikatoka filamu ya Sydney Pollack, dunia nzima ikataka kuona alikoishi yule mama, na mwaka 1986 nyumba ikafunguliwa kama makumbusho.

Kwa hiyo kilichoiokoa si mapenzi ya historia peke yake. Kwanza ilikuwa na kazi, halafu sinema ikaipa jina. Nyumba kuukuu isiyo na kazi haihitaji tingatinga. Mchwa na paa linalovuja vinatosha. Maghala na nyumba ngapi za mashamba ya zamani zimeishia hivyo huku kwetu?

Mie nasema isibomolewe, ila si kwa ajili ya Karen. Mtu akisimama kwenye baraza ile, akatazama vilima vya Ngong, anaelewa kwa macho yake mtu mmoja alikuwa na nafasi kiasi gani, huku wenye asili ya pale wakiishi kwa ruhusa. Kitabu peke yake hakikuonyeshi hilo. Ukibomoa kuta, unabaki na kitabu na filamu tu, na vyote viwili vinasimuliwa kutoka upande wa baraza.

Ila kutunza kuta hakutoshi. Kamante Gatura, aliyekuwa mpishi wa nyumba ile, naye alisimulia yake, na masimulizi hayo yakachapishwa na Peter Beard mwaka 1975 kwa jina la Longing for Darkness. Wangapi wetu tumeyasoma? Kukarabati paa ni kazi ya fundi. Kumrudisha Kamante ndani ya nyumba aliyoipikia ni kazi yetu sisi wasomaji.

Wewe ungeamuaje?