Maelezo Yasiyosomwa na Mashine: Dokezo la Historia ya Vijiprogramu vya Mtandaoni kutoka Keumbu

Wataalamu wa lugha katika Afrika Mashariki wamekwisha kujadili kwa kirefu istilahi za kompyuta. Imeulizwa kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Kazi za namna hiyo ni za taasisi, nazo zimeacha kumbukumbu. Katika makala haya nakusudia kumtazama mtu wa aina nyingine: mwandishi wa ridhaa, asiye na cheo wala malipo, ambaye jioni hutunga vijiprogramu vya kurasa za mtandao na kuwagawia wenzake. Hoja yangu ni kwamba maandishi yake ni matini ya lugha kama matini nyingine yoyote, na kwamba sehemu yenye thamani kubwa kwa mwanahistoria ni ile ambayo mashine haiisomi kabisa.

Data niliyo nayo ni ndogo, nakiri mapema. Ni faili za mtu mmoja tu, mkazi wa Keumbu, ambaye ameniomba nisimtaje jina. Keumbu ni kituo cha soko kando ya barabara itokayo mjini Kisii kwenda Keroka na kuendelea hadi Sotik. Msomaji asiyepajua pengine amepapita garini akaona mikungu ya ndizi imepangwa kando ya njia.

Yafaa kwanza tueleze kijiprogramu ni nini. Ni maandishi mafupi, aghalabu mistari ishirini au hamsini, ambayo huupa ukurasa wa mtandao uwezo wa kutenda jambo: kujumlisha bei, kukagua fomu, kumsalimu mgeni. Ufundi huu ulienea upesi mwaka 1995. Mwezi Mei mwaka huo Brendan Eich, akiwa katika kampuni ya Netscape, aliunda kwa siku kumi lugha iliyokuja kuitwa JavaScript. Mwezi Juni Rasmus Lerdorf alitoa hadharani zana alizojitengenezea kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, ambazo zilikua zikawa PHP. Mwaka huohuo Matt Wright, mwanafunzi wa shule ya sekondari huko Colorado, Marekani, alianza kugawa bure vijiprogramu vyake, na vikanakiliwa duniani kote pamoja na makosa yake. Baadaye waandishi wa Perl wa London walilazimika kuvitunga upya ili kuziba mianya ya usalama. Ukurasa wa mtandao ulikuwa na sifa moja ambayo vitabu vya ufundi havikuwa nayo: kivinjari kilimruhusu msomaji yeyote kufunua chanzo chake na kuona umefumwaje. Vijana wengi walijifunza kwa njia hiyo, pasipo mwalimu.

Ndivyo alivyojifunza mtu wetu. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kazi Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na dakika za saiba zilikuwa ghali. Alikuwa akienda mjini Kisii, anafungua kurasa kwa haraka, anazihifadhi kwenye disketi na baadaye kwenye flashi, kisha anazisoma nyumbani bila mtandao stima ikiwapo. Kugawa nako kulikuwa hivyohivyo. Faili ziliachwa juu ya kioo cha kompyuta ya saiba ili atakayefuata azikute. Nyingine zilipita mkono kwa mkono ndani ya flashi, mara nyingi pamoja na virusi.

Kijiprogramu chake cha kwanza kilikuwa cha salamu. Asubuhi ukurasa ulimwambia mgeni *Bwakire*, jioni *Bwairire*. Kwa mtazamaji wa kawaida huo ni mchezo, lakini mashine haikubali neno “asubuhi” mpaka iambiwe asubuhi inakoma saa ngapi, na wazee aliowauliza sokoni hawakukubaliana. Fauka ya hayo, kivinjari kikiulizwa saa hutaja saa ya Kizungu. Kanuni ya kuigeuza ni nyepesi: ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, chukua baki, na baki likiwa sifuri andika kumi na mbili. Ugumu uko katika jina la siku. Kwa hesabu ya jadi ya pwani, usiku wa Ijumaa ni usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa wengi wa bara ni usiku unaoifuata Ijumaa mchana. Hapa mwandishi wa vijiprogramu hukumbana na suala la isimu bila kulitafuta, na hana budi kulikata, maana programu haiwezi kuandika “hutegemea”.

Mfano ulio bora zaidi ni wa ndizi. Alitunga ukurasa wa kuwekea hesabu ya mikungu inayouzwa. Vielelezo vyote alivyoviona vilikuwa vya Kiingereza, ambako inatosha kuongeza herufi moja mwishoni mwa jina wingi unapotakiwa. Katika Kiswahili, tuseme, *mkungu 1 umeuzwa* lakini *mikungu 3 imeuzwa*: jina limebadilika mwanzoni, na kitenzi kimelifuata. Aliyezoea kuunga sentensi kwa vipande atatoa upuuzi kama *mikungu 3 umeuzwa*, na upuuzi huo tunaukuta hadi leo katika programu za makampuni makubwa. Mtu wetu aliishia kuandika sentensi mbili kamili, moja ya umoja na moja ya wingi. Ni uchambuzi wa ngeli uliofanywa na mtu ambaye hajawahi kuisikia istilahi ya upatanisho wa kisarufi. (Wachuuzi, kwa njia, walicheka sana kuona neno *mkungu* limejaa kwenye ukurasa wa hesabu, kwa kuwa katika Ekegusii *omokungu* ni mwanamke.)

Kadhalika kuna tatizo la ritifaa. Katika JavaScript maneno ya kuonyeshwa huweza kufungwa kwa alama moja ya mtajo kila upande, na alama hiyo ndiyo ileile ya *ng’*. Ukiandika *ng’ombe*, au *eng’ombe* ya Ekegusii, mashine hudhani sentensi imekoma kwenye *ng*, na ukurasa wote hufa kimya. Dawa ni kutanguliza mkwaju wa kinyume au kutumia alama mbili za mtajo. Wengi hawakuijua dawa hiyo wakaiacha ritifaa kabisa. Atakayechunguza tahajia ya *ngombe* na *ngambo* katika maandishi ya mtandaoni asiharakishe kulaumu shule.

Sasa nifikie maelezo yenyewe. Mstari unaoanza kwa mikwaju miwili mashine huuruka. Ni wa kumfaa binadamu atakayesoma chanzo. Katika faili hizi amri ni za Kiingereza, kwani lugha ya programu haitoi nafasi nyingine. Majina ya vigeu ni ya Kiswahili. Maelezo yamegawanyika: katika faili nyingine ni Ekegusii, hasa pale anapojikaripia kwa kosa lililomlaza macho, katika nyingine ni Kiswahili kitupu, cha adabu, kinachomweleza msomaji nini cha kubadilisha na nini asiguse.

Mtu angeweza kusema ameacha Ekegusii kwa sababu sasa anawaandikia wengi. Huenda. Lakini kuna jambo la kihistoria hapa. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik ulikuwa mahali pa mapigano, na barabara ya Keumbu ndiyo iendayo huko. Hata mitandao iliugua. Mashada, baraza la Wakenya lililoanzishwa na David Kobia, lilifungwa kwa muda mwishoni mwa Januari kwa kuzidiwa na matusi ya kikabila. Mwezi huohuo Kobia, pamoja na Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman, walikuwa wamejenga Ushahidi, ukurasa wa kupokea taarifa za ghasia na kuzionyesha kwenye ramani; msimbo wake ulitolewa bure baadaye, ukatumika katika nchi nyingi. Jina ni la Kiswahili. Kurasa zenyewe zilianza kwa Kiingereza. Kwa mtu wetu mambo yalikuwa kinyume. Miongoni mwa aliobadilishana nao flashi walikuwa vijana wa upande wa Sotik, na lugha waliyoweza kusomeana bila kukumbushana kabila ilikuwa ile ya mikwaju miwili.

Je, alihamia Kiswahili kabla ya ghasia au kwa sababu yake? Swali hili lingejibiwa na tarehe za faili, lakini kompyuta aliyotumia ilikuwa na betri ya saa iliyokufa, na kila ilipowashwa ilirudi nyuma. Faili takriban zote zimeandikwa kuwa ni za tarehe 1 Januari 1980, kabla yeye hajazaliwa. Nakala zilizokuwa mtandaoni hazisaidii, kwa sababu aliziweka GeoCities, na GeoCities ilifungwa Oktoba 2009. Imebaki njia tunayoitumia kwa miswada isiyo na tarehe, yaani ushahidi wa ndani. Faili moja ya Kiswahili inataja foleni ya kura ya katiba. Hiyo ni ya tarehe 4 Agosti 2010. Faili moja ya Ekegusii inalalamikia disketi iliyoharibika, kwa hiyo ni ya kabla hajapata flashi. Kati ya hizo mbili kuna faili kumi na nne nisizoweza kuzipanga, na nilipomwuliza mwenyewe alizitazama kwa muda mrefu, akasema hakumbuki kuwa aliwahi kuamua.