Simba mwenye kusimama, chui mwenye kutazama: namna ya kusoma wanyama wa nembo

Nembo ya taifa iko kwenye paspoti na kwenye karatasi za Leta. Watu wanaiona kila siku, lakini wachache wanauliza: munyama huyu amewekwa namna gani, na juu ya nini?

Kanuni za mambo hii zilianza Ulaya katika karne ya 12. Wapiganaji walikuwa wanavaa kofia za chuma zenye kufunika uso, basi alama ya kwenye ngao ilisaidia kujua nani ni nani.

Kusimama. Munyama anasimama na miguu ya nyuma, ya mbele iko juu, makucha inje, kama mwenye kurukia adui. Ndivyo anasimama simba wa Ubelgiji, wa rangi ya zahabu kwenye ngao nyeusi, na simba mwekundu wa Scotland.

Kutembea. Miguu mitatu iko chini, mumoja wa mbele umeinuliwa. Simba watatu wa Uingereza wanatembea huku wamegeuza uso kutazama watu. Katika Kifaransa cha nembo, simba wa namna hii anaitwa chui. Si juu ya madoa, ni juu ya mukao tu!

Kulala. Simba akilala na kichwa juu, yuko macho. Kichwa kikilala juu ya miguu, amesinzia.

Kushika ngao. Hawa wanasimama pembeni, mumoja kila upande. Kwenye nembo ya Tanzania ni mwanaume na mwanamke. Kwenye ya Kenya ni simba wawili wenye mikuki.

Na kwetu Kongo? Wakati wa ukoloni, simba wa Ubelgiji aliwekwa kwenye ngao ndogo, katikati kabisa ya nembo ya Kongo. Mwenye kujua kusoma nembo aliona mara moja inchi iko mikononi mwa nani.

Leo ni mambo ingine. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kipengele cha 1, inataja kichwa cha chui, pembe ya ndovu upande wa kushoto, mukuki upande wa kuume, vyote juu ya jiwe. Maneno yake ni Haki, Amani, Kazi. Chui huyu hana mwili wala miguu: hasimami, hatembei, halali. Uso wake wote unamuelekea mwenye kumutazama.

Kujua hii kuna faida. Mutu akileta karatasi anasema ni ya Leta ya RDC, angalia kashe vizuri. Ukikuta pale simba amesimama, ao chui muzima anatembea, ile si nembo yenye Katiba inataja. Uliza kwanza, mbele ya kulipa ao kutia sahihi.