Historia ya Mapigo ya Masikio Mawili

Mapigo ya masikio mawili ni mdundo anaousikia mtu pale sikio lake moja linapopewa sauti ya masafa fulani na la pili sauti inayotofautiana nayo kidogo tu. Sikio la kushoto likipewa hezi 400 na la kulia hezi 410, msikilizaji husikia sauti moja inayopwa na kujaa mara 10 kwa sekunde. Mdundo huo haumo hewani, na kinasa sauti hakiwezi kuunasa. Huzaliwa ndani ya ubongo. Ndiyo maana kwa muda mrefu hapakuwa na njia ya kuuchunguza isipokuwa mtafiti kutega masikio yake mwenyewe.

Wa kwanza kuueleza alikuwa Heinrich Wilhelm Dove, mwanafizikia wa Berlin aliyejulikana zaidi kwa elimu ya hali ya hewa. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1841. Chombo chake kilikuwa uma wa sauti, kipande cha chuma chenye meno mawili ambacho kikigongwa hutoa sauti moja isiyobadilika. Kila sikio liliwekewa uma wake. Nchini Uingereza, Silvanus Thompson alilirudia jambo hilo mnamo 1877, akipitisha kila sauti katika mpira wake hadi sikioni ili zisichanganyike njiani.

Waliopinga kwamba mdundo huo huzaliwa ubongoni walikuwa na hoja nzito: sauti hupenya mifupa, kwa hiyo huenda zilikutana kwenye fuvu. Hoja hiyo ilidhoofika taratibu, kwani mapigo husikika hata sauti zikiwa hafifu mno kuweza kuvuka fuvu, na hufifia masafa yakizidi takriban hezi 1,000, ingawa mfupa hupitisha sauti za juu pia. Kikomo hicho ni cha neva, ambazo huweza kwenda sambamba na mawimbi ya sauti za chini tu. Taarifa za masikio yote mawili hukutana kwenye shina la ubongo, mahali palepale panapomwezesha mtu kujua honi imelia upande gani.

Mwaka 1929 Mjerumani Hans Berger alichapisha vipimo vyake vya umeme wa ubongo wa binadamu. Mtu aliyetulia na kufumba macho alionyesha mawimbi ya takriban 10 kwa sekunde. Kuanzia hapo kulikuwa na wazo lililovutia wengi: huenda ubongo ukipewa mdundo wa kasi hiyo utaufuata, na utulivu uje wenyewe.

Aliyelishika wazo hilo kwa dhati ni Robert Monroe, Mmarekani wa biashara ya redio. Alianza katika miaka ya 1950 kwa kutafuta namna ya kujifunza usingizini, na mmoja wa waliojaribiwa alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka 1975 alipata hataza ya njia ya kumlaza mtu kwa sauti, na mwaka 1983 ofisa mmoja wa jeshi la Marekani aliwaandikia wakuu wake ripoti ndefu kuhusu mafunzo ya Monroe. Mtafiti Gerald Oster, aliyeyaeleza mapigo ya masikio mawili katika jarida la Scientific American mwaka 1973, alikuwa na shabaha tofauti: aliyaona kama kipimo cha maradhi ya neva.

Udhaifu wa kujijaribu peke yako uko wazi. Anayelala gizani nusu saa akingojea utulivu huenda akaupata hata bila mapigo, kwa hiyo ulinganisho ni lazima. Utafiti wa 2005 ulifanya hivyo kwa wagonjwa waliosubiri upasuaji: wasiwasi ulipungua kwa asilimia 26.3 kwa waliosikiliza mapigo, 11.1 kwa waliosikiliza sauti hizo bila mapigo, na 3.8 kwa wasiosikiliza chochote. Hayo ni matokeo ya kutia moyo, lakini hayakuwa na uthabiti. Utafiti wa Montreal wa 2020 ulikuta mapigo ya kawaida, yanayotokea hewani, yanauvuta ubongo kwa nguvu zaidi, na hakuna aina iliyobadilisha hisia za wasikilizaji. Mwaka 2023 tafiti 14 za mawimbi ya ubongo zilipitiwa pamoja: 5 ziliunga mkono dai la ubongo kufuata mdundo, 8 zililipinga na 1 ilikuwa na matokeo mchanganyiko.

Kwa hiyo mapigo yenyewe ni kweli, ila tiba bado haijathibitishwa. Anayetaka kuyajaribu atumie hedifoni, sauti iwe ya chini, asiyasikilize akiendesha gari, wala asiache dawa alizoandikiwa na daktari.