Masharti ya Kipimo cha Sukari na Yalikotoka

Kipimo cha sukari ya damu hufanywa kila siku katika maabara za hospitali na zahanati, na sharti lake linajulikana na wengi: mgonjwa afike asubuhi akiwa hajala kitu tangu usiku. Sharti hilo halikuwekwa kwa ajili ya kuwarahisishia kazi wahudumu. Lilizaliwa taratibu, kadiri madaktari walivyogundua sukari inatoka wapi, inapita wapi mwilini, na nini huipandisha au kuishusha kabla haijapimwa. Masharti mengine ya kipimo hicho nayo yana asili ya namna hiyo hiyo.

Kwa karne nyingi kilichopimwa kilikuwa mkojo. Waganga wa kale wa Bara Hindi walieleza ugonjwa wa mkojo mtamu unaovuta sisimizi. Nchini Uingereza, mwaka 1674, Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa wa aina hiyo una utamu wa asali. Wakati huo njia ya kujua ilikuwa kuuonja. Mwaka 1776 Matthew Dobson, daktari wa Liverpool, aliuchemsha mkojo wa mgonjwa hadi ukakauka, akabaki na unga mweupe wenye ladha ya sukari. Aligundua pia kwamba majimaji ya damu ya mgonjwa yalikuwa matamu, akahitimisha kuwa sukari haitengenezwi na figo, bali imo kwenye damu na figo huipitisha tu. Mwaka 1815 Mfaransa Michel Chevreul alionyesha kwamba sukari hiyo ni ile ile ya zabibu, yaani glukosi.

Katikati ya karne ya 19, Claude Bernard aligundua mjini Paris kwamba damu ya mnyama ambaye hajalishwa sukari bado ina sukari, kwa sababu ini huihifadhi na kuiachia kidogo kidogo. Hapa ndipo ulipo msingi wa kupima mtu akiwa hajala. Chakula cha usiku kikishamalizika tumboni, kiasi kinachobaki kwenye damu huonyesha jinsi ini na insulini ya kongosho vinavyosimamia sukari vyenyewe, bila kusukumwa na mlo.

Hata hivyo, mkojo uliendelea kutumika maabara kwa muda mrefu, kwa kuwa ulipatikana bila sindano. Mwaka 1908 Mmarekani Stanley Benedict alitoa kitendanishi chenye shaba ambacho bado kinafahamika na wanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki katika somo la biolojia. Mpimaji aliweka mililita 5 za maji hayo ya buluu kwenye neli ya kioo, akadondosha matone 8 ya mkojo, kisha akachemsha kwa dakika 5. Rangi ikibaki buluu, sukari haipo. Ikigeuka kijani ipo kidogo, kisha njano, rangi ya chungwa, na mwisho nyekundu ya tofali pale sukari ilipozidi sana.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro mbili, na kila moja ilileta sharti lake. Kwanza, kwa kawaida figo huanza kupitisha sukari pale tu inapofika karibu milimoli 10 kwa lita moja ya damu, na mkojo uliokaa kibofuni hueleza saa zilizopita. Ndiyo maana wagonjwa walielekezwa kukojoa kwanza, wasubiri kama nusu saa, ndipo watoe mkojo wa kupimwa. Pili, kitendanishi hicho kiliweza kugeuka rangi kwa sababu ya vitu visivyo glukosi, kama vitamini C nyingi, kwa hiyo ilibidi mgonjwa aulizwe dawa na virutubisho anavyotumia.

Kuhamia kwenye damu kulihitaji njia zinazotosheka na damu kidogo. Mwaka 1913 Ivar Bang wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, alichapisha njia ya kupima sukari kwa matone machache. Insulini ilipoanza kutumika kwa wagonjwa mjini Toronto mwaka 1922, haja ya kupima mara kwa mara ikawa kubwa, kwani dozi iliyozidi ingeweza kuishusha sukari hadi kuhatarisha maisha. Tatizo jingine lilikuwa ndani ya kichupa chenyewe: seli za damu zilizotolewa mwilini huendelea kutumia sukari, na katika joto la kawaida la chumba kiasi chake hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kichupa chenye kifuniko cha kijivu kina chumvi ya floridi inayozuia upotevu huo, ingawa saa za mwanzo bado kiasi fulani hupungua. Sampuli iliyoachwa mezani kwenye kichupa kisichofaa inaweza kumfanya mgonjwa wa kisukari aonekane mzima.

Maandalizi yenye kudai zaidi ni ya kipimo cha kunywa glukosi, kinachoonyesha mwili unavyoukabili mzigo wa sukari. Mwaka 1940 Jerome Conn, daktari wa Marekani, alionyesha kwamba mtu aliyepunguza wanga siku chache kabla ya kipimo hiki anaweza kupata majibu ya mgonjwa ilhali ni mzima. Kwa hiyo anayejinyima ugali na wali akidhani anajiandaa vizuri hujiharibia kipimo. Utaratibu wa Shirika la Afya Duniani unataka ale kama kawaida kwa siku 3, angalau gramu 150 za wanga kwa siku, kisha akae bila chakula kwa saa 8 hadi 14 usiku, akiruhusiwa maji matupu. Asubuhi hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji ndani ya dakika 5, hutulia bila kuvuta sigara, na baada ya saa 2 hutolewa damu tena. Kisukari huthibitishwa na milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kunywa, au 11.1 na zaidi baada ya saa hizo 2. Asiye na dalili hurudiwa kupimwa siku nyingine.

Utaratibu mmoja uliwezesha hata kulinganisha jamii. Donald McLarty na wenzake waliupeleka katika vijiji 6 vya Tanzania, wakapima watu zaidi ya 6,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kuwa kisukari kilikuwa kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima wa huko. Takwimu hiyo inaaminika kwa sababu wanavijiji walikubali kukaa na njaa na kusubiri.

Vijiti vya kupima damu ya kidole vilianza kuuzwa miaka ya 1960, na mashine ndogo zilizofuata zilipeleka kipimo nyumbani. Sharti lake kuu ni kunawa na kukausha vidole, kwa maana maji ya embe yaliyobaki kidoleni huweza kupandisha majibu.

Mwaka 1968 Samuel Rahbar aligundua mjini Tehran himoglobini iliyoshikana na sukari katika damu ya wagonjwa wa kisukari. Kipimo kilichotokana nayo, HbA1c, huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, kwa hiyo hakihitaji mgonjwa akae bila kula. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikikubali kwa utambuzi wa kisukari, kuanzia asilimia 6.5. Lakini hutegemea uhai wa chembe nyekundu, ambao kwa kawaida ni siku 120. Mwenye selimundu, aliyepoteza damu nyingi au aliyeongezewa damu karibuni anapaswa kusema mapema, ili apimwe kwa njia nyingine.