Poka: Kutoka Karata 20 Hadi 52

Jina la poka huhusishwa na poque, mchezo wa karata wa Wafaransa. Lilibadilika vinywani mwa Wamarekani waliomiminika New Orleans baada ya nchi yao kuinunua Louisiana kutoka Ufaransa mwaka 1803. Meli za moshi zilipoanza kufika huko mwaka 1812, mchezo ulipanda nao mto Mississippi. Abiria walikaa chomboni siku kadhaa, fedha wanazo, kazi hawana. Walaghai waliwafuata humohumo, na mwaka 1835 wakazi wa Vicksburg, mji wa kando ya mto huo, waliwanyonga wacheza kamari watano bila kuwafikisha mahakamani.

Poka ya mwanzo ilikuwa na karata 20 tu: ree, mfalme, malkia, jeki na kumi, za kopa, uru, pau na shupaza. Wachezaji wanne waligawiwa tano tano, zikaisha zote. Kila mmoja aliweka dau, akalipandisha au akatupa karata zake. Waliobaki walifunua, na mwenye karata bora akazoa fedha. Wengine wote wakitupa, aliyebaki alizoa bila kufunua chochote, na utamu wote uko hapo: mwenye karata mbovu aweza kumfukuza mwenye nzuri kwa dau tu. Lakini aliyeshika ree nne alijua hakika kwamba hashindiki.

Kuhamia karata 52 kuliutikisa uhakika huo. Mipangilio ya karata tano ilipanda kutoka 15,504 hadi 2,598,960, na kwa kuwa sasa karata zilibaki baada ya kugawa, mchezaji aliweza kubadilisha zake. Karata tano za aina moja, kama kopa tupu, zilianza kuhesabiwa kuwa mpangilio wenye nguvu, kisha tano zinazofuatana. Sheria zote mbili zilipokubaliwa, tano zinazofuatana za aina moja ziliziangusha hata ree nne.

Baadaye baadhi ya karata zilianza kulazwa wazi mezani. Katika poka ya Texas, ambayo bunge la jimbo hilo limeutaja mji wa Robstown kuwa chimbuko lake, kila mtu huficha mbili na wote hutumia tano za pamoja. Mashindano makuu ya poka mjini Las Vegas yalianza mwaka 1970, na bingwa wa kwanza, Johnny Moss, alichaguliwa kwa kura za wachezaji wenzake. Mwaka 2003 mhasibu Chris Moneymaker (jina lake halisi) alifuzu kushiriki mashindano hayo kupitia intaneti, akaondoka na dola milioni 2.5.