Bayi: Aliyekimbia mbele kuanzia hatua ya kwanza

Kariakoo, Dar es Salaam, huhesabu historia ya michezo kwa rangi za klabu mbili: wekundu wa Simba ya Mtaa wa Msimbazi, na njano na kijani ya Yanga ya Jangwani. Lakini miaka ambayo soko jipya lililobuniwa na Beda Amuli lilikuwa likijengwa, hadi kufunguliwa 1975, mtu aliyeitangaza Tanzania duniani hakuwa mchezaji wa Simba wala Yanga. Alikuwa Filbert Bayi, kijana wa Karatu aliyeletwa Dar es Salaam na kazi ya jeshi.

Inasimuliwa kwamba alijifua barabarani, akishindana na mabasi ya jiji. Basi likiondoka, naye huondoka. Likisimama kupakia abiria, hupata pumzi, kisha huanza tena.

Mwaka 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, alitolewa mapema katika mita 1,500 na pia katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimwacha Mkenya Kipchoge Keino na kutwaa dhahabu ya mita 1,500.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilishuhudia jambo ambalo makocha walikuwa wakilikataza. Wakati ule wakimbiaji wa masafa ya kati walizoea kuviziana hadi mzunguko wa mwisho. Bayi aliongoza tangu mlio wa bastola. John Walker wa New Zealand alimfukuza hadi mwisho, asimpate. Dakika 3, sekunde 32.16: rekodi ya dunia. Walker naye, akiwa wa pili, alikuwa chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Muda ule ulibaki rekodi ya michezo hiyo hadi 2022, na hadi leo hakuna Mtanzania aliyeufikia.

Mei 1975, mjini Kingston, aliongeza rekodi ya maili: dakika 3, sekunde 51.0. Pambano lake na Walker lilisubiriwa Montreal 1976. Halikufanyika. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki hiyo, kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Bayi alilipa gharama ya msimamo wa taifa katika umri wake bora.

Moscow 1980 alirudi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Ni viunzi 28 na madimbwi 7. Aliongoza kwa mbali, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland alipomfikia na kumpita mwishoni. Medali ya fedha ya Bayi na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, siku iliyofuata, ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata.

Baadaye Bayi alifungua shule Kimara na Kibaha, akatumikia Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi kama katibu mkuu. Ametimiza sehemu yake. Sehemu yetu ni kuhakikisha mtoto wa Gerezani au Ilala ana kiwanja cha kukimbilia na mwalimu wa kumpima muda. Kipaji kilichojifunza kwa kufukuza mabasi kilifika kileleni; hatuna sababu ya kuwaachia watoto wetu barabara peke yake.