June Brown: aliyeitwa kwa miezi mitatu, akakaa hadi 2020

Mwaka 1985 BBC ilimwita June Brown aigize kwa miezi mitatu tu. Tamthilia yenyewe, EastEnders, ilikuwa imeanza kurushwa Februari mwaka huohuo, na waandishi walihitaji mama wa kijana mmoja mhuni, Nick Cotton, ambaye watazamaji walikwisha kumchukia. Leslie Grantham, aliyekuwa akiigiza mwenye baa, ndiye aliyelitaja jina la June. Alipoonekana kwa mara ya kwanza Julai, alikuwa na miaka 58. Ukitoa kipindi cha 1993 hadi 1997 alipojiondoa, hakutoka tena mpaka 2020.

Alizaliwa Needham Market, mji mdogo wa Suffolk mashariki mwa Uingereza, tarehe 16 Februari 1927. Nyumbani kwao msiba haukukawia: dada yake mkubwa, Marise, aliyekuwa kipenzi chake, alifariki akiwa na miaka minane. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa inaelekea ukingoni June alijiunga na kikosi cha wanawake cha Jeshi la Majini, na baadaye akasomea uigizaji katika shule ya Old Vic, London. Mume wake wa kwanza, John Garley, ambaye naye alikuwa mwigizaji, alijiua mwaka 1957. Mwaka uliofuata June aliolewa na mwigizaji mwingine, Robert Arnold. Walipata watoto sita, mmoja akafariki akiwa mchanga.

Kati ya ndoa hizo na mwaka 1985 kuna miaka mingi ya kazi ambayo magazeti huiruka. Jukwaani aliigiza Hedda Gabler na Lady Macbeth, na kwa jinsi watu walivyomzoea baadaye, wengi wasingeamini. Kwenye runinga alipata sehemu hapa na pale, Doctor Who ikiwemo. Alikuwa anaheshimika miongoni mwa waigizaji wenzake, lakini barabarani hakuna aliyegeuza shingo kumtazama.

Dot Cotton ndiye aliyeyabadilisha hayo. Kwa asiyemfahamu: ni mama mwembamba mwenye koti refu, anafanya kazi mahali pa kufulia nguo kwa mashine za kutia sarafu, katika mtaa wa kubuni wa Walford, mashariki mwa London. Sigara haimtoki mkononi, Biblia haimtoki mdomoni, na kila wiki ana ugonjwa mpya. Umbea anaupenda, ila huutanguliza kwa kusema kwamba yeye si mtu wa kusengenya. Mwandishi mvivu angemwacha awe kichekesho tu. June alimfanya mtu unayemcheka kisha unamhurumia, na mara nyingi yote mawili yalitokea ndani ya sentensi moja.

Mtihani wa kweli ulikuja mwaka 2000. Ethel, shoga yake wa miaka mingi, anaumwa kansa na anamwomba Dot amsaidie kufa. Dot ni Mkristo asiyetania na amri za Mungu. Lakini huyu ni Ethel. Analikubali ombi lile, na baada ya hapo hajisamehi. Vipindi vile vilihitaji waigizaji wazee wawili, chumba kimoja na muda, vitu ambavyo tamthilia za mfululizo zenye haraka ya kufukuzia ugomvi na fumanizi huwa hazivitoi.

Tarehe 31 Januari 2008 BBC ilikwenda mbali zaidi. Kipindi kizima cha nusu saa, kilichoandikwa na Tony Jordan, kilikuwa na mtu mmoja tu. Jim, mume wa Dot, amelazwa baada ya kupata kiharusi, na Dot yuko nyumbani akimrekodia ujumbe kwenye kaseti. Anaongea, anazima mashine, anawasha tena. Anarudi utotoni, wakati wa vita, alipohamishwa kupelekwa kwa walezi walioonyesha kumpenda. Ndipo anakifikia kile alichokuwa anakizunguka tangu mwanzo, yaani kama ataweza kumhudumia mume mgonjwa. John Bardon, mwigizaji wa Jim, alikuwa kweli amepata kiharusi mwaka 2007. June naye alikuwa amemuuguza Robert kwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu hadi alipofariki mwaka 2003.

Hakuna tamthilia ya mfululizo ya Uingereza iliyokuwa imewahi kumwachia mtu mmoja kipindi kizima. Mimi naona kilifaulu kwa sababu watazamaji walikuwa wamekaa na Dot zaidi ya miaka 20. Hakuhitaji kuwaeleza yeye ni nani. Mwaka 2009 kilimpa June nafasi ya kuwania tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kike, na tangu Jean Alexander wa Coronation Street mwaka 1988 hakuna mwigizaji wa tamthilia za aina hiyo aliyekuwa amefika hapo. Tuzo ilikwenda kwa Anna Maxwell Martin.

Hata baada ya hapo waandishi hawakumpunguzia mzigo. Februari 2015 EastEnders ilipotimiza miaka 30, Nick alikufa kwa heroini mbele ya mama yake, na Dot akaamua kutomwitia msaada. Kesi ikamfikisha gerezani. Mwigizaji alikuwa na miaka 88, na katika miaka iliyofuata macho yake yalizidi kufifia.

Aliondoka mwaka 2020, akapewa nishani ya OBE mwanzoni mwa 2022, na akafariki tarehe 3 Aprili mwaka huohuo akiwa na miaka 95. Desemba EastEnders ikamzika Dot. Kitabu cha maisha yake, Before the Year Dot, kilitoka mwaka 2013, na ni cha maisha yake kabla ya EastEnders. Anayetaka kujua Dot alichotwa wapi, aanzie humo.